Toa Kumi

"Nilisoma kilichokuwepo!"

"Kilichokuwepo kipi, baba? Mto una kina cha hasi nne! Umewahi kuona wapi maji yenye kina cha hasi?"

"Mimi siyo mwalimu wa mito. Nilishika tepu, nikainama, nikasoma. Mgongo mpaka leo unalia. Halafu unakuja kuniambia macho yangu mabovu!"

"Sijasema mabovu."

"Amesema," akadakia mdogo wa yule kijana kutoka kwenye mkeka. "Amesema baba anahitaji miwani. Alimwambia mama asubuhi, baba akiwa anaoga."

Huyo mdogo mtu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na nyumba nzima ilimwita Redio, maana haikuwahi kutokea habari ikamfikia ikalala. Kaka yake alikuwa kidato cha mwisho na jina lake la nyumbani lilikuwa Profesa. Siyo kwa sababu alikuwa na akili sana. Ni tangu aanze kuuita mfereji wa nyuma ya choo "mkondo".

"Miwani!" Baba akageuka, akaitazama dari kama vile huko ndiko kuna mashahidi. "Mtu nimepima kabati, vitanda, meza, madirisha ya mji mzima. Hakuna kitanda changu hata kimoja kilichokataa kuingia chumbani. Leo nimeshindwa na kijito cha kufulia nguo!"

Alikuwa seremala, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Fundi tu, hata mkewe akikasirika alimwita Fundi. Na siku hiyo alikuwa Fundi mara nyingi.

Profesa akashika kichwa. Mezani mbele yake, katikati ya vitambaa vya mapazia vya mama, ripoti yake ya kupima mto ilikuwa imelala imefunguka kurasa kama kuku aliyechinjwa. Mwalimu wa jiografia alikuwa ameirudisha asubuhi, na wino wake mwekundu haukuwa na huruma. Pembeni ya mchoro wa umbo la mto aliandika: *Kituo cha kwanza, kina -4. Kituo cha sita, kina -1. Mto huu unapita hewani? Data hizi zimepimwa au zimepikwa? Leta tathmini ya mbinu zako za kukusanya data leo kabla ya saa nane, ueleze kila kosa lilivyotokea. Bila hivyo ni sifuri.*

Na sifuri hiyo haikuwa ya mchezo. Aliyepata sifuri kwenye ripoti ya mto hasajiliwi kwenye mtihani wa mwisho. Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika ishirini, na saa ile ilikuwa na tabia ya kuchelewa.

*

Sasa, ili uelewe ugomvi huu, uijue kwanza tepu yenyewe.

Mama alikuwa fundi wa mapazia. Cherehani yake ilikaa dirishani, na kwenye msumari juu ya cherehani ilining'inia tepu yake ya kupimia, ndefu ya mita tatu, laini, ya njano iliyogeuka rangi ya chai. Miaka kumi na moja iliyopita, mimba ya Redio ikiwa inamsumbua, mama aliisahau pasi ya moto juu yake. Ncha ikaungua. Badala ya kununua nyingine, akachukua mkasi, akaikata pale pale kwenye alama ya kumi, akasema: "Kwisha kazi. Ukipima, toa kumi."

Tangu hapo hiyo ikawa sheria ya nyumba. Ncha ikikaa kwenye mwanzo wa kitu, namba unayoisoma unatoa kumi, ndiyo unapata urefu wa kweli. Watoto walijua kutoa kumi kabla hawajajua kutoa tano. Redio alipoanza shule, mwalimu wake aliwahi kushangaa kwa nini mtoto huyu akipewa ishirini na tatu anajibu kumi na tatu kabla swali halijaisha.

Basi siku ya kwenda mtoni, Profesa aliibeba tepu hiyo. Baba alikuwa na yake ya chuma, nzuri, ya kujirudisha yenyewe, lakini akasema ile haigusi maji. Ikipata kutu nani atamlipia? Akatoa ufito ulionyooka, wakaifunga tepu ya mama juu yake kwa uzi ili mkondo usiipeperushe. Baba akaacha kazi nusu siku, akakunja suruali, akaingia majini mwenyewe, kwa sababu Profesa alitakiwa akae ukingoni aandike. Rafiki yake Profesa, mmoja mrefu mwembamba waliyemwita Kijiti, akapewa kazi ya kurusha chungwa liende na maji, wapime kasi. Redio akapewa ulinzi wa viatu.

Baba akawa anapaza sauti kutoka majini: "Sita! ... Kumi na nne! ... Thelathini na moja! ... Thelathini na nane! ... Ishirini na mbili! ... Tisa!" Profesa akaandika. Alipofika nyumbani akachukua kalamu, akatoa kumi kila mahali, akachora, akapeleka.

Na alipoona hasi nne, akasemaje? Hakusema kitu. Alifikiri labda ndivyo mito ilivyo pembeni.

*

"Nisikilize baba," Profesa akasema, akiiteremsha sauti kama mtu anayembembeleza mbuzi apite mlangoni. "Naandika sentensi moja tu. 'Msaidizi aliyeshika tepu alisoma namba vibaya kwenye vituo sita.' Basi. Nakimbia shule, naokoka."

"Msaidizi ndiye nani?"

"Msaidizi tu. Sitaji jina."

"Na mwalimu wako ni nani?"

Profesa akainamia ripoti.

"Mwambie mama yako mwalimu wako ni nani."

"Ni makamu mkuu wa shule," Redio akajibu kwa niaba. "Ndiye mwenyekiti wa kamati ya milango."

Hapo ndipo palipouma. Shule ilitaka milango mipya kwa madarasa kumi na mawili, na Jumatatu kamati ilikuwa inakaa kuchagua fundi. Baba alikuwa ameshaenda mara mbili kupima fremu, mara ya pili akiwa amevaa shati la harusi. Milango kumi na miwili! Kwa seremala wa mtaa aliyezoea kurekebisha miguu ya viti, hiyo ilikuwa kazi ya kutundika bango nje.

"Sasa yule bwana," baba akasema, "anakaa na kalamu yake nyekundu, anasoma, 'msaidizi alisoma tepu vibaya.' Anauliza, msaidizi nani? Kijiti, ambaye hajawahi kuziba mdomo, anamwambia, ni baba yake, yule seremala. Jumatatu atanipa mlango? Hata wa banda la sungura hatanipa!"

"Na mimi nisifanye mtihani?"

"Andika kitu kingine! Andika maji yalikuwa yanatikisika. Andika mawe. Andika upepo!"

"Upepo haufanyi maji yawe hasi, baba!"

"Mbona mnapiga kelele kama mnauza samaki," mama akasema.

Alikuwa kimya muda wote, miguu kwenye kanyagio la cherehani, pini tatu mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo wa pini. Akaichukua tepu msumarini, akaiweka mezani, akavuta kigoda akakipandisha mezani, juu ya ripoti.

"Mama, ripoti yangu!"

"Ripoti yenyewe ya maji, itavumilia." Akaishika ncha ya tepu chini ya mguu wa kigoda, akainyoosha hadi juu. "Fundi, njoo usome."

Baba akaja kwa mwendo wa mtu anayedharau. Akatupa jicho mara moja.

"Thelathini na mbili."

"Profesa, andika. Umeandika ngapi?"

"Thelathini na mbili. Natoa kumi, ishirini na mbili."

"Kigoda hiki kina sentimita ishirini na mbili?" Mama akakipiga kofi. "Ukikikalia magoti si yatakuziba masikio? Redio, wewe njoo. Usitoe chochote. Soma namba iliyoandikwa."

Redio akapanda kwenye kiti, ulimi nje, akaikaribia tepu mpaka pua ikagusa. "Arobaini na mbili."

Nje mtu alikuwa anaburuta gurudumu, na sauti yake ikapita dirisha zima, ikaisha.

"Ametoa," Profesa akasema taratibu. "Baba alikuwa anatoa kumi mwenyewe. Huko huko majini."

"Sasa nisitoe?" baba akasema, sauti bado iko juu. "Miaka kumi na moja naambiwa toa kumi, toa kumi. Nimetoa! Namba inanitoka ikiwa imeshatolewa. Mimi nitajuaje na wewe kule ukingoni umekaa kutoa?"

"Mtu na baba yake," mama akasema, "wameubeba mto mmoja, kila mmoja akaukata mguu."

*

Ungedhani hapo yangeisha. Profesa mwenyewe alidhani. Akaikamata kalamu, uso umechangamka, akaanza kuandika kwa sauti: "'Msaidizi alitoa kumi bila kumjulisha mtafiti...'"

"Hee!" baba akamkata. "Bila kumjulisha! Mtafiti! Na mtafiti alimwuliza msaidizi?"

"Baba, ndiyo ukweli."

"Ukweli wa upande mmoja. Makamu ataona pale pale, fundi wa milango hajui tepu yake ina ngapi. Kama unataka kuandika ukweli, andika wote."

"Wote upi?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye Profesa."

Ndipo Redio, akiwa bado amesimama kwenye kiti, akaona huu ndio wakati wa taarifa ya habari.

"Na lile chungwa?"

Profesa akamtazama kwa jicho ambalo, lingekuwa moto, mtoto angebaki majivu.

"Chungwa gani?" baba akauliza.

"Kijiti alilila."

"Redio, shuka."

"Walitakiwa warushe mara tatu. Wakarusha mara mbili. La kwanza sekunde ishirini na moja, la pili ishirini na nne. Kijiti akasema ana njaa, akalimenya. Kaka akamwambia haina shida, akaandika ya tatu mwenyewe. Akaandika ishirini na mbili. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya viatu, nikaona."

Baba hakucheka mara moja. Alikaa kwanza. Akajiweka vizuri kwenye kiti chake, akapachika mguu juu ya mguu, kama mtu aliyeletewa chakula asichokitarajia.

"Kumbe," akasema. "Kumbe mpishi yumo ndani."

"Baba, ile ni moja tu! Na iko katikati ya zile mbili, haiharibu kitu..."

"'Data hizi zimepimwa au zimepikwa?'" Baba aliinua ripoti, akasoma wino mwekundu kwa sauti ya makamu mkuu, hata kikohozi chake. "Jibu hapo. Mbili zimepimwa, ya tatu imechemshwa."

"Nikiandika hilo napata sifuri!"

"Na mimi ukiniandika napata milango?"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi walitazamana kama watu waliokutwa dukani wote wawili mikono iko kwenye kopo la sukari. Mama akarudi kwenye cherehani yake, akatunga uzi, lakini hakukanyaga.

Profesa akapiga hesabu. Asipoandika chochote, sifuri. Akiandika nusu, Kijiti ataropoka nusu nyingine kabla ya Jumatatu. Akiandika yote, anajichomea mwenyewe na anamchomea baba. Akaona kichwani mwake milango kumi na miwili ikifungwa mmoja mmoja, pa, pa, pa, yeye na baba wote wako nje.

"Fundi," mama akasema bila kugeuka. "Nataka nikuambie kitu, usikasirike."

"Nimeshakasirika leo, nafasi imejaa. Sema."

"Ule mlango."

Hakuna aliyeuliza mlango upi. Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja wa kuzungumzwa, ule wa mbele. Baba aliutengeneza mwenyewe mwaka waliohamia, mbao nzito, umepigwa msasa mpaka unateleza, na maua amechonga pembeni. Mlango mzuri. Ila ulikuwa mfupi. Chini uliacha mwanya ambao paka wa jirani alipita bila kuinama. Mvua ikinyesha, mama aliziba kwa tambara. Wageni wakiuliza, baba alijibu kwamba ni wa makusudi, nyumba inahitaji hewa. Akibanwa zaidi, alisema muuza mbao alimdhulumu.

"Muuza mbao hakukudhulumu," mama akasema. "Siku ile tepu yako ulikuwa umeisahau karakana, ukapima fremu kwa hii yangu. Ilikuwa haijamaliza hata wiki tangu niikate. Ukanitajia, mia mbili, nikuandikie kwenye kikaratasi. Mimi nikadhani umesoma tu, hujatoa. Nikatoa kumi."

Baba akageuka kuutazama mlango.

"Uliandika mia na tisini."

"Mia na tisini."

"Na ulijua lini?"

"Siku ile ile ulipousimamisha. Ulikuwa umeshaupaka rangi, umewaita majirani waje waone. Nikaona haya kusema." Akaichezea pini. "Kesho yake nikaona haya zaidi. Halafu ikawa miaka."

Redio hakutangaza chochote. Hilo peke yake lilikuwa jambo la kuandikwa mahali.

Baba aliinuka, akaenda mlangoni, akachuchumaa. Akatoa tepu yake ya chuma kiunoni, akaivuta kutoka sakafuni mpaka ukingo wa chini wa mlango, akaiachia ikajirudisha kwa kishindo. Hakutaja namba. Hakukuwa na haja. Mabega yakaanza kumtikisika, na Profesa akaogopa kwamba baba analia, mpaka akasikia ile sauti ya puani aliyokuwa anaitoa akicheka kitu asichotaka kukicheka.

"Miaka kumi na moja," akasema, bado amechuchumaa. "Miaka kumi na moja yule muuza mbao simsalimii."

Mama naye akashindwa. Akaanguka juu ya cherehani, pazia la watu likashika machozi.

*

"Lete kalamu," baba akasema walipotulia. "Saa saba inaingia. Andika, na uandike kama unavyoongea, usijifanye kitabu."

"Niandike nini?"

"Andika tepu ilikuwa imekatwa, na wote tulijua imekatwa. Kosa siyo tepu. Na siyo macho, hilo liandike kabisa, siyo macho. Kosa ni kwamba hatukukubaliana nani anatoa. Kila mtu alidhani mwenzake hatoi."

Profesa akaandika mbio. Maneno yalikuja yenyewe. Kwamba kila namba ya kina iongezwe kumi, na mto unarudi chini pale ulipo, sita ukingoni na thelathini na nane katikati. Kwamba siku nyingine namba itajwe kama ilivyo, na hesabu ifanywe sehemu moja, na mtu mmoja. Kwamba ufito ulisaidia tepu isipeperuke. Kwamba vituo sita ni vichache, katikati ya cha tatu na cha nne kulikuwa na jiwe kubwa ambalo hawakulipima.

Kisha akaandika hili: kwamba alipoona hasi alitakiwa ashtuke, na hakushtuka.

Akaacha kuandika. Baba alikuwa nyuma ya bega lake.

"Na chungwa," baba akasema, taratibu sasa.

"Baba..."

"Sikulazimishi."

Profesa akaitazama ile ishirini na mbili, iliyokaa kwenye jedwali safi kabisa, nzuri kuliko wenzake wote. Akaipiga mstari. Chini akaandika: *Kipimo cha tatu cha kasi hakikufanyika. Chungwa lilikuwa moja na lililiwa. Namba niliitunga. Naomba radhi.*

"Na mimi?" baba akauliza. "Umeniandikaje?"

"'Msaidizi.'"

"Futa. Andika seremala. Wakimwuliza Kijiti waambiwe kitu ambacho tayari kimeandikwa." Akajikuna kidevu. "Andika, seremala huyo kazini anatumia tepu ya chuma, nzima, inaanzia moja."

"Inaanzia sifuri, baba."

"Sifuri! Unaona? Andika hivyo."

Mama akazibana kurasa kwa pini yake moja, maana hakukuwa na kitu kingine cha kubania. Profesa akavaa viatu bila kufunga kamba. Alikuwa ameshafika mlangoni baba alipomwita. Akageuka. Baba alikuwa amenyoosha mkono, na mkononi ilikuwa ile tepu ya chuma.

"Njia ya shule si inapita mtoni? Pima kituo cha kwanza tena. Kimoja tu, uongezee pale chini, aone."

"Itaingia maji. Itapata kutu."

"Itapata. Chukua."

"Na ukiitwa Jumatatu kupima?"

"Kwanza niitwe," baba akasema, akamsukuma kwa nyuma ya mkono, kwa upole. "Nenda, utachelewa. Usome kilichoandikwa. Usitoe kitu!"

"Usitoe kitu!" Redio akarudia, kwa sauti ya kusikika mitaa miwili.

Profesa akaitia tepu mfukoni, ripoti kwapani. Akatoka. Akaushika mlango, akauinua kidogo kama walivyozoea wote, maana bila kuinuliwa haufungi, akauvuta mpaka ukagonga fremu. Ulifunga vizuri kabisa, juu na pembeni. Chini zikabaki kumi zake, na ndani ya hizo kumi vidole vya miguu ya baba, vimesimama pale pale, havijaondoka.